Mizizi Isipigwe na Upepo

Shamba la Winterdown,
karibu na Petersfield
12 Novemba 1962

Shemeji Reuben,

Habari za huko Windlesham. Najua hukutarajia barua yangu. Mara ya mwisho tulionana kwenye mazishi ya Ambrose, mwezi wa Julai, na siku hiyo ulinipa mkono kama mtu anayeagana na karani wa posta. Sikulaumu.

Nakuandikia kwa shida, si kwa mapenzi. Unajua kwamba kaka yako mwaka jana alikata ule mstari wote wa miti ya whitebeam pale juu ya kilima, bila kumwuliza mtu. Alitaka nguzo za ua na kuni. Akavipata vyote viwili, na mwenye ardhi, Kanali, akapata hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Sasa Ambrose hayupo na hasira hiyo nimeirithi mimi. Bwana Lyddon, msimamizi wa Kanali, alikuja wiki iliyopita akakaa jikoni kwangu na kofia yake magotini. Mkataba wa shamba ulikuwa kwa jina la Ambrose na umekufa naye. Kanali yuko tayari kuniandikia mpya kwa jina langu, kwa sharti moja: kilima kiwe kimepandwa tena ifikapo Siku ya Maria, tarehe 25 Machi, siku ambayo mikataba yote ya mashamba ya huku huanza au huisha. Anataka miche mia mbili, na iwe whitebeam ya asili, ile yenye jani la kijani juu na jeupe chini, siyo ile ya Sweden wanayopanda kando ya barabara za mjini. Nisipopanda, natoka na ng'ombe wangu na masufuria yangu.

Nimeuliza kwa wauza miche watatu. Wote wana ile ya Sweden. Mmoja akanijibu, "Mama, hiyo ya asili mbegu yake hulala ardhini hata majira mawili ya baridi kabla ya kuota. Nani ana subira hiyo?" Nikamwambia namjua mmoja tu, na hatuongei.

Basi naagiza miche mia mbili, ya kung'olewa na kuletwa mizizi mitupu bila udongo, kama inavyouzwa siku zote. Siombi zawadi wala huruma. Niandikie bei na hundi itakuja siku hiyo hiyo.

Hester Purkiss


Bustani ya Miche ya Purkiss,
Windlesham
20 Novemba 1962

Shemeji Hester,

Barua imefika. Miche ninayo. Nilichuma mbegu mwenyewe kwenye kilima hicho hicho, kabla kaka hajashika shoka, kwa hiyo Kanali asiwe na wasiwasi juu ya asili yake. Inafika kiunoni na mizizi yake ni minene kama ndevu za mchungaji wetu. Bei nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Sipunguzi kwa ndugu, maana nikianza na ndugu nitamaliza na majirani.

Lakini siing'oi sasa. Majani ndiyo kwanza yamedondoka na mti haujalala. Kumng'oa aliye macho ni kumpasua mgonjwa bila kumpa dawa ya usingizi. Vuta subira.

Ikifika, shika hili. Mti uliotolewa udongoni ni samaki aliyetolewa majini. Mizizi isipigwe na upepo, hata kwa muda wa kuvuta sigara moja. Na isipigwe na barafu. Ilinde na upepo na barafu, basi, hakuna mengine. Usipoweza kuipanda siku inayofika, chimba mtaro, ilaze humo, ifukie mizizi, nayo itakungoja.

Nimecheka kidogo, nisikufiche. Kaka anakata, mkewe anapanda, mdogo wake anauza. Angekuwepo angedai asilimia yake.

R. Purkiss


Winterdown
10 Desemba 1962

Shemeji,

Hundi umeichukua, hilo benki wamenithibitishia. Miche siioni. Hiyo subira uliyoniambia nivute nimeivuta mpaka imekatika. Jirani yangu Mzee Tice ameshapanda ua wake mzima, na kila asubuhi akipita hapa anapunguza mwendo makusudi. "Vipi, Bi. Hester," ananiuliza, "shemeji yako bado anaiimbia miche yake ilale?"

Nacheka naye, halafu naingia ndani na sicheki tena. Ng'ombe wangu thelathini wanajua njia ya zizi hili na hakuna zizi jingine. Nina miaka kumi na saba katika nyumba hii. Nikitoka hapa, nakwenda wapi? Kwa dada yangu Portsmouth, nikalale sebuleni kwake na kusikiliza redio ya mumewe?

Nikuulize wazi. Kuna kitu? Kama una kinyongo na Ambrose, kampelekee kule makaburini. Usinimwagie mimi.

Hester


Windlesham
18 Desemba 1962

Shemeji Hester,

Leo asubuhi nimepakia miche mia moja kwenye treni. Mizizi nimeichovya kwenye tope, nikaizungushia majani makavu yaliyoloweshwa, nikaifunga kwenye magunia. Waambie wa stesheni wasiyafungue. Wana udadisi wa paka.

Ni nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye kitalu cha bondeni na maji yamesimama humo mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikiing'oa hivi nitaacha nusu ya mizizi ardhini na utanilaumu Mei. Nitaileta baada ya sikukuu.

Kinyongo ninacho, kwa kuwa umeuliza. Lakini hakiingii kwenye kazi. Mzee Tice mwambie ua uliopandwa kwenye matope haujapandwa, umezikwa.

R.


Winterdown
2 Januari 1963

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya, kama kuna heri. Theluji imefunika milango. Maziwa tunamwaga, lori haliwezi kupanda mpaka huku. Mzee Tice amechimba njia kutoka kwake mpaka kwangu na amechoka hata kutania.

Miche ilifika tarehe 22 jioni. Kesho yake ng'ombe akazaa vibaya, nikakesha naye. Halafu ikawa mkesha wa Krismasi, nikasema nitachimba mtaro sikukuu ikipita. Siku ya pili ya Krismasi ardhi ikafunga. Nimejaribu sururu, imenirudi mikononi kana kwamba nimegonga kengele ya kanisa.

Lakini usiwe na hofu. Nimeiweka mahali salama ambapo hakuna upepo wala barafu. Tena nina habari njema: iko hai, naiona kwa macho yangu mwenyewe. Lete hiyo nusu nyingine.

Hester


Windlesham
12 Januari 1963

Shemeji Hester,

Barua yako imechelewa sana njiani, na kuna sentensi moja ndani yake inayonikosesha raha. Unaionaje kuwa iko hai? Mche wa Januari hauonyeshi kitu. Mzima na mfu wanafanana, ni vijiti viwili. Mimi mwenyewe nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana na siwezi kukuambia kwa kuangalia tu.

Hapo mahali salama ni wapi? Nijibu kwa neno moja.

Ile mia nyingine imefungwa ardhini. Maji ya bondeni yameganda na miche imesimama ndani ya barafu kama mishumaa kwenye keki. Siwezi kuigusa. Hakuna mtu Uingereza nzima anayeng'oa mti wiki hii, kwa hiyo usiniandikie kwamba nachelewesha.

R.


Winterdown
24 Januari 1963

Bwana Purkiss,

Ghalani. Hilo ndilo neno lako moja.

Sasa nipe na mimi langu. Jana Bwana Lyddon alikuja kwa miguu kutoka barabarani, theluji mpaka magotini, pua nyekundu kama nyanya. Nikampa supu. Akainywa yote, halafu akaniambia kwa upole, upole ule wa mtu anayekata shingo ya kuku, kwamba nisijisumbue kupita kiasi. Kilima kisipopandwa, Kanali hatapata hasara, maana tayari yupo mtu wa familia aliyekubali kuchukua shamba. "Mtu anayeijua ardhi," akasema. "Aliyezaliwa humu humu."

Ambrose alikuwa na ndugu mmoja tu.

Nimekaa jikoni tangu aondoke nikihesabu mambo. Ulisema miti haijalala. Ukasema kitalu kina maji. Ukaleta nusu, na nusu hiyo ukaileta siku tatu kabla ya Krismasi. Kila ulichoniambia kinaweza kuwa kweli, na kila ulichoniambia kinakufaa wewe. Nilikuwa nanunua kamba kwa mtu anayetaka kunitundika.

Je, ni wewe?

Hester Purkiss


Windlesham
1 Februari 1963

Hester,

Ni mimi.

Lyddon aliniandikia Oktoba, kabla ya barua yako ya kwanza. Aliniuliza kama, mjane akishindwa, ningelichukua shamba. Nikajibu ndiyo siku hiyo hiyo. Sikuomba muda wa kufikiri. Nimelifikiria shamba hilo kwa miaka ishirini na mitatu.

Wewe uliolewa humo. Mimi nilizaliwa humo, katika chumba kile cha juu cha upande wa kilima. Nikiwa mgonjwa utotoni nililala nikiangalia ile miti kwenye upepo, inageuka kijani, inageuka nyeupe, kama kundi la watu wanaopunga leso. Baba alipokufa, Ambrose alipewa shamba kwa sababu alitangulia kuzaliwa. Mimi nilipewa mkono na nauli. Nikaja kwenye mchanga huu wa Windlesham ambao hauoti kitu ila msonobari na deni, nikaufanya uote. Halafu nikasikia amekata ile miti kwa ajili ya nguzo. Hata barua hakuniandikia kwamba njoo uchukue shina moja. Ndiyo, nalitaka shamba. Nalitaka sana na sioni haya kukuambia.

Lakini sikukuibia kitu. Siku niliyosema miti haijalala, haikuwa imelala. Maji yalikuwepo. Kama nilifurahi kuyaona maji, hilo ni langu na Mungu.

Na bado hujanijibu. Hakuna ghala Hampshire ambamo barafu haikuingia mwezi huu. Ndoo za ng'ombe wako zimeganda humo, nina uhakika. Miche iko wapi?

Reuben


Winterdown
10 Februari 1963

Reuben,

Ilikuwa jikoni.

Niliiweka ghalani kwanza, kweli. Usiku ule ardhi ilipofunga, nilikuta ndoo zimeganda mpaka chini, nikakumbuka ulivyoandika, isipigwe na barafu. Nikayaburuta magunia yote mpaka ndani, nikayasimamisha kando ya jiko la makaa, ukuta ule wenye joto. Nikayalowesha kila asubuhi. Niliwaza, hakuna upepo hapa, hakuna barafu. Nilijiona mwerevu.

Wiki moja baadaye macho ya miche yakafunguka. Mwanzoni mwa Januari, Reuben, na theluji dirishani! Vijani vidogo vimejikunja, vyeupe kama manyoya ya sungura. Niliita Mzee Tice aje aone. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo katika nyumba hii tangu Ambrose afe, na nilikaa mbele yake na chai yangu kama mtu aliye kanisani. Ndipo nilipokuandikia kwamba iko hai. Uliponiuliza ni wapi, nikajua kwa jinsi ulivyouliza kwamba nimekosea, na nikakudanganya.

Sasa vijani vimenyauka. Nimekwaruza gome kwa kisu. La kwanza kahawia. La pili kahawia. Nilikwaruza mpaka kisu kikaniteleza kidoleni, yote ni kahawia. Nimekuulia miche yako mia moja kwa kuipasha moto kama vifaranga.

Basi, sasa unacho unachokitaka. Mpelekee Lyddon barua hii na kazi yako imekwisha, huhitaji hata kusubiri Machi. Lakini kabla hujampelekea, sikia. Ile mia iliyobaki bondeni nimeilipia. Ni yangu. Ardhi ikilegea, uing'oe na uilete, ama nitakuja mwenyewe na uma wa bustani niing'oe mbele ya wateja wako. Nitapanda nusu ya kilima na Lyddon atanifukuza nikiwa na koleo mkononi. Sitatoka hapa nikiwa nimekaa.

Hester


Ofisi ya Msimamizi
18 Februari 1963

Bwana R. Purkiss,

Kuhusu shamba la Winterdown. Siku ya Maria inakaribia na Kanali angependa kujua asimamie wapi. Naomba uthibitishe kwa maandishi kwamba bado uko tayari kulichukua.

Aidha, Mzee Tice, jirani wa shamba, aliniambia bila kukusudia ubaya kwamba aliona miche ikichanua jikoni kwa Bi. Purkiss mwezi uliopita. Mimi si mtaalamu, lakini nafahamu hiyo si dalili njema. Wewe ndiye uliyeiuza. Kama unajua kwamba miche hiyo imekufa, tafadhali nijulishe, kwani kwa hali hiyo hakuna haja ya kumsumbua mama huyo zaidi na ningempa notisi mapema.

Wako mtiifu,
G. Lyddon


Windlesham
8 Machi 1963

Hester,

Juzi asubuhi nimeamka nikasikia maji yanadondoka kwenye paa. Jana uma umeingia ardhini. Leo nimeng'oa tangu kulipokucha.

Ni miche mia mbili. Ile mia yako ya bondeni, imeponea, barafu iliishika lakini haikuiuma mizizini. Na mia nyingine ya kitalu cha juu, niliyokuwa nimemwekea mtu mwingine. Mtu huyo haihitaji tena. Usiniandikie habari ya malipo.

Siitumi kwa treni. Naazima lori, nakuja nayo mwenyewe Jumatatu. Mtaro uwe umechimbwa kabla sijafika, kando ya ukuta wa kaskazini, penye kivuli. Na Hester, hakuna hata mche mmoja utakaovuka kizingiti cha jikoni.

R.


Winterdown
19 Machi 1963

Reuben,

Mche wa mwisho niliupanda jana jioni, siku tatu baada ya wewe kuondoka. Nimefanya kama ulivyonionyesha: koleo mara mbili kwenye udongo huu wa chokaa, mizizi ndani, kisigino juu, halafu nauvuta kidogo, ukisogea narudia. Mikono yangu imepasuka na mgongo sina. Siku ya Maria ni Jumatatu na kilima kimejaa.

Ningepaswa kukushukuru na nimeshindwa, kwa hiyo nitakuambia kwa nini. Siku nne tulipanda bega kwa bega na sijui kama tulisemezana maneno hamsini. "Lete." "Shika." "Siyo hapo, hapo pana mwamba." Hukuingia hata kunywa chai, ulikula mkate wako ndani ya lori. Lakini nilikuona. Nilikuona ukizunguka zizi ukiangalia paa. Nilikuona umeweka kiganja kwenye ukuta wa nyumba, karibu na dohani, ukakiacha hapo muda mrefu, kama mnunuzi anayempapasa farasi. Mtu hapandi kwa uangalifu ule kilima cha mwenzake. Unapanda chako. Umeleta miche mizuri kwa sababu wewe ndiye utakayeitazama.

Barua yangu ya jikoni Lyddon anayo, bila shaka. Hajasema. Anangoja Jumatatu, kwa heshima.

Mia mbili imepandwa. Kama nikitolewa, nitatolewa na mtu ambaye amenisaidia kuitimiza haki yangu, na hilo ni chungu kuliko kutolewa na adui. Bora ungebaki mbaya moja kwa moja.

Hester


Windlesham
22 Machi 1963

Hester,

Ukuta ule unavuja. Unyevu unashuka kutoka kwenye dohani, ndiyo maana niliushika. Mtafute fundi kabla ya vuli.

Lyddon atakwaruza gome. Mwache akwaruze mitatu, siyo zaidi, mwambie kila mkwaruzo ni kidonda. Akikuuliza kama iko hai, usimwambie ndiyo. Mwambie hujui, kwa sababu hujui, nami sijui, mpaka iote. Miti iliyotoka kwenye baridi kama hii hushtuka. Inaweza kukaa vijiti mpaka katikati ya Mei, halafu ama ifunguke ama isifunguke. Usiimwagilie kila siku kwa wasiwasi. Palilia majani, zuia sungura, kaa mbali nayo.



R.


Winterdown
23 Mei 1963

Shemeji Reuben,

Sijakuandikia kwa miezi miwili kwa sababu nilikuwa natazama vijiti.

Lyddon alikuja Siku ya Maria. Alikwaruza mitatu, nikamshika mkono kwenye wa nne. Akaniuliza kama iko hai, nikamwambia sijui, na aliyeiotesha pia hajui. Alisimama pale kilimani akipigwa na upepo, akasema Kanali atangoja mpaka mwisho wa Mei: kama kilima kitatoa majani nasaini, kama hakitatoa nafunga mizigo. Nikaishi Aprili yote kwa kuhesabu vijiti. Ua wa Mzee Tice ukawa kijani. Miti ya barabarani ikawa kijani. Hata kile kigogo cha mtufaha kilichopasuka kikatoa maua, kunikejeli. Kilima changu kikabaki kama ufagio. Tarehe 9 Mei nililia zizini, nimeegemea ng'ombe, na sioni haya kukuambia.

Tarehe 13 ikafunguka. Siyo yote, na siyo kwa pamoja. Ilianza ya upande wa chini, kila jicho likasimama wima na kupasuka, jeupe, jeupe kabisa, kabla ya kuwa kijani. Nikapanda mbio na vazi la kulalia na mabuti. Hapa na pale imekufa, nitajaza mapengo Novemba na utaniuzia kwa bei yako ile ile isiyopungua. Lakini kilima kiko hai, Reuben. Nimelala chini katikati yake kama mwehu.

Lyddon amekuja jana na karatasi, nimesaini. Halafu nikamwuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza tangu Februari. Nikamwambia, "Sasa niambie, shemeji yangu alipokuletea barua yangu ya jikoni, ulisema nini?" Akanitazama kama nimezungumza Kichina. Akasema, "Barua gani, mama?" Akafungua mkoba wake, akanisomea uliyomwandikia wewe, maneno machache tu, na nikamlazimisha anisomee mara ya pili ili niyashike:

"Miche ya kwanza imekufa kwa kosa langu. Nilimwandikia aiepushe na upepo na barafu. Sikumwandikia aiepushe na moto, kwa sababu sisi wa kazi hii hatufikirii kwamba kuna mtu atakayeihurumia kiasi hicho. Mteja asiyeambiwa hana hatia. Naibadilisha yote. Kuhusu shamba, ondoa jina langu. Nalitaka, lakini sitaingia nyumba ya baba yangu kwa sababu miche yangu imekufa."

Uliandika hivyo tarehe 20 Februari. Ukaja Machi, ukapanda siku nne, ukala mkate kwenye lori, ukanisikiliza nikikuita mnunuzi wa farasi, na ukanijibu habari ya unyevu! Wewe ni mtu wa namna gani? Nimekukasirikia usiku kucha. Yule mtu mwingine uliyemwekea miche mia ni wewe mwenyewe, ulikuwa unaitunza ya kupanda hapa siku ukilipata shamba, na uliniandikia "haihitaji tena" kama mtu anayerudisha mwavuli wa kuazima. Nimekuonea, Reuben. Nimekuonea kwa barua nne na siwezi kuzirudisha.

Sasa sikia la mwisho. Lyddon alipokuwa anakunja karatasi, akasema Kanali amechoka na misukosuko ya Winterdown, anataka mkataba huu useme mapema utakwenda kwa nani nikifa, maana sina mtoto. Akauliza kama nataka siku chache za kufikiri. Sikutaka. Nimeandika jina lako, lote, Reuben Amos Purkiss, na Kanali ameshaweka sahihi yake chini.

Usianze kufurahi. Nina miaka arobaini na mmoja, meno yangu yote yapo, na sina mpango wa kufa. Kwa unavyovuta sigara wewe, utanitangulia, kwa hiyo urithi huo ukiungoja hutauona. Njoo sasa. Njoo Jumamosi. Nimefungua madirisha ya chumba cha juu, upande wa kilima, na kitanda nimekitandika.

Shemeji yako,
Hester